Jezi ya Sioux City niliyoipata Kilombero: tathmini baada ya miezi minne ya kuivaa

Jezi ninayoitathmini hapa niliinunua katika soko la Kilombero, Arusha, mwanzoni mwa msimu wa baridi uliopita, kwa shilingi 15,000 baada ya muuzaji kuanza na 25,000. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya makoti ya mvua, nyeupe, yenye mikono mirefu, kubwa kiasi kwamba wateja wawili waliokuwa mbele yangu waliitanua, wakaitazama, kisha wakairudisha mahali pake wakisema kwamba hiyo ni nguo ya mtu wa miraba minne. Mimi nilisimama kwa sababu ya maneno mawili yaliyoshonwa kifuani: Sioux City. Muuzaji, kijana ambaye nimekuwa mteja wake kwa miaka mingi, aliponiona nimetulia aliniambia, "Mwalimu, hiyo ni ya mchezo wa Wazungu, hata jina lake silijui, lakini kitambaa chake utakuja kuniambia." Nimekwisha kumwambia yeye, na sasa nawaambia wengine, kwa kuwa jezi za aina hii zinazidi kuonekana katika mitumba yetu na watu wengi wanazipita bila kujua ni kitu gani.

Kwa msomaji asiye wa huku Kaskazini, jina la mji huo huenda lisimwambie chochote. Kwetu Arusha lina uzito. Asubuhi ya tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililowabeba wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Msingi Lucky Vincent, waliokuwa wakielekea Karatu kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa shule nyingine, liliacha njia huko Rhotia na kutumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye tuliwaaga katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akiongoza waombolezaji. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, na miongoni mwa waliofika mapema kuwaokoa walikuwamo Wamarekani waliokuwa wakipita barabara hiyo, wa shirika la STEMM, ambalo hufanya kazi za tiba na elimu kati ya Sioux City na mkoa wetu. Katikati ya mwezi huo watoto hao, pamoja na mama zao, daktari na muuguzi wa Kitanzania, walipanda ndege ya shirika la Samaritan's Purse kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, wakapelekwa Sioux City katika jimbo la Iowa, wakatibiwa huko, na mwezi Agosti wakarudi nyumbani. Mwaka ule nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule nyingine ya hapa mjini. Tangu hapo jina la Sioux City halijanitoka kichwani, na nilipoliona limeshonwa juu ya nguo sokoni sikuweza kuondoka bila kuichukua.

Tuanze na nguo yenyewe. Ni jezi ya mpira wa magongo wa barafuni, ya timu ya vijana iitwayo Sioux City Musketeers, yaani askari wa kale wa Ufaransa waliobeba bunduki ndefu na kuvaa kofia pana zenye unyoya. Kitambaa ni poliesta nzito iliyofumwa kwa matundu madogo sana, na ukiilinganisha na jezi za mpira wa miguu tulizozizoea utaona kwamba uzito wake ni kama mara mbili. Herufi na namba hazikubandikwa kwa joto kama zile ambazo baada ya kufuliwa mara sita huanza kupasuka na kubanduka. Zimekatwa katika kitambaa kigumu, zikapangwa tabaka juu ya tabaka, kisha zikashonwa ukingoni kwa uzi wa kusokotana karibu karibu. Viwiko vina kitambaa maradufu. Mgongoni kuna namba tu. Jina la mchezaji limefumuliwa, na mashimo ya sindano bado yanaonekana ukiikunjua mwangani. Kwenye kola, mahali ambapo sisi tungetarajia herufi L au XL, kuna namba 56.

Kitu kilichonivutia zaidi kiko ndani. Upande wa ndani wa mgongo, karibu na kiuno, umeshonewa ukanda mfupi wenye kifungo na utepe wa kunata, ambao mchezaji huufunga kwenye suruali yake. Kazi yake ni kuizuia jezi isivutwe ikamfunika mchezaji kichwani pale wachezaji wanapokamatana na kupigana, jambo ambalo katika mchezo huo limekuwapo tangu zamani ingawa huadhibiwa. Jezi nyingi zinazouzwa kwa mashabiki hazina ukanda huo. Kwa hiyo ukikuta ukanda, viwiko maradufu, namba badala ya herufi kwenye kola, pamoja na alama nyeusi mikononi ambazo sabuni haiziondoi, yamkini umeshika jezi iliyochezewa. Yangu ina alama tatu za namna hiyo na kiraka kidogo chini ya kwapa la kushoto, kilichotiwa na mtu aliyejua kazi yake.

Upana wake nao una sababu. Mchezaji wa barafuni huvaa chini ya jezi kinga za mabega, kifua na viwiko, kwa kuwa sheria inaruhusu kumgonga kwa mwili mwenzako mwenye mpira, na "mpira" wenyewe ni kisahani kigumu cha raba chenye uzito wa takriban gramu 170 kinachosukumwa kwa gongo juu ya barafu yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Kila upande una watu sita, akiwamo kipa, na mchezo huchukua vipindi vitatu vya dakika 20. Tanzania si ngeni kabisa katika mpira wa magongo, maana timu yetu ya wanaume ilicheza mchezo huo, ule wa nyasini, katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Lakini huu wa barafuni ni mchezo wa watu ambao maji yao huganda kwa miezi kadhaa ya mwaka, na Sioux City, iliyo kando ya mto Missouri pale Iowa inapopakana na Nebraska na Dakota Kusini, ni mji wa namna hiyo.

Ni mji mdogo. Una wakazi wapatao 85,000, wakati Jiji la Arusha katika sensa ya 2022 lilikuwa na zaidi ya 600,000. Ulikua kwa minada ya mifugo na viwanda vya nyama, na mbali na tiba ya watoto wetu unakumbukwa pia kwa tarehe 19 Julai 1989, ndege ya abiria ya shirika la United ilipopoteza uwezo wa kuongozwa ikiwa angani, ikaanguka katika uwanja wa ndege wa mji huo ikiwa na watu 296, na 184 kati yao wakapona, kwa sehemu kubwa kwa sababu rubani na wenzake walifanikiwa kuifikisha uwanjani, na zimamoto na hospitali za mji zilikuwa zimejiandaa. Ninalitaja jambo hilo kwa kuwa linanisaidia kuelewa kwa nini hospitali za mji wenye ukubwa wa kata zetu chache zilikuwa tayari kuwapokea majeruhi kutoka upande wa pili wa dunia.

Timu iliundwa mwaka 1972. Mwanzoni haikuwa ya vijana, bali ilikuwa ya watu wazima waliolipwa kidogo na kucheza katika ligi ya USHL, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya miji ya katikati ya Marekani. Kufikia mwisho wa muongo wa 1970 ligi hiyo ilianza kuchanganya timu za watu wazima na za vijana, na kuanzia msimu wa 1979 ikawa ya vijana peke yao. Miji mingi ingechukulia badiliko hilo kuwa ni kushushwa hadhi. Sioux City ilibaki, ikawachukua vijana wa miaka 16 hadi 20, na mwaka 1982 ikatwaa Kombe la Clark, ambalo ndilo taji la ligi hiyo. Mwaka 1986 ikalichukua tena. Baada ya hapo ilisubiri miaka 16 mpaka 2002, na kisha miaka mingine 20 mpaka 2022, ilipoishinda Madison Capitols katika fainali chini ya kocha Luke Strand. Mataji manne katika nusu karne si mengi, na mtu anayepima timu kwa makombe pekee angeipita kama wale wateja wawili walivyoipita jezi.

Thamani ya timu ya namna hii iko kwingine, na hapa naomba niende polepole. Wachezaji wake hawalipwi mshahara. Wanakuja kutoka majimbo ya mbali, wengine kutoka nchi nyingine, wakitafuta nafasi ya kuonwa na vyuo vikuu vyenye timu kubwa, na kwa kuwa wengi wao ni wa umri wa sekondari, hawapangiwi hosteli bali hugawanywa katika nyumba za wenyeji. Familia ya mjini humpa kijana chumba, humpikia, humuuliza amerudi saa ngapi, na msimu mzima, kuanzia majani yanapopukutika hadi barafu inapoyeyuka, humhesabu miongoni mwa watoto wake. Baadhi ya familia hufanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Sisi tunaujua utaratibu huo bila kufundishwa na mtu, kwa sababu wengi wetu tulisoma tukiwa kwa shangazi, kwa baba mdogo au kwa rafiki wa ukoo, tukalishwa na kukanywa kama wenye nyumba. Tofauti ni kwamba kule mwenyeji na kijana huwa hawana undugu wowote. Kinachowaunganisha ni timu. Mji ambao kwa zaidi ya miaka 40 umezoea kufungua milango kwa watoto wa watu wengine una kitu ambacho hakinunuliwi, na niliposoma habari hizo sikustaajabu tena kwamba mwaka 2017 mji huohuo uliwapokea wa kwetu.

Jambo lililonigusa zaidi nililigundua nilipokuwa nikitafuta historia ya jezi yangu. Mwezi uleule wa Mei 2017, watoto wetu wakiwa wodini huko, timu hiyo, iliyokuwa imemaliza msimu ikiwa kinara wa ligi nzima, ilikuwa katika fainali dhidi ya Chicago Steel. Fainali ilifika mchezo wa tano, ambao ndio wa mwisho, na Sioux City ikashindwa. Nimefikiria mara nyingi jinsi mji mmoja mdogo ulivyobeba mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, huku watu wakitoka uwanjani na huku wengine wakikesha hospitalini.

Kisha kuna jambo la mabasi. Timu za vijana za mchezo huu husafiri kwa basi, mara nyingi usiku, katika barabara ndefu zenye theluji, na kila mzazi wa kule hulala na hofu ambayo sisi pia tunaijua. Tarehe 6 Aprili 2018, miezi 11 tu baada ya msiba wetu, basi la timu ya vijana ya Humboldt Broncos ya Kanada liligongana na lori, na watu 16 wakafariki. Siku zilizofuata watu wa nchi ile waliyaegemeza magongo ya kuchezea nje ya milango ya nyumba zao, kama ishara ya kuwangoja waliokuwa safarini. Sikuijua habari hiyo kabla ya kununua jezi. Sasa kila ninapoikunja naikumbuka pamoja na ile ya Rhotia.

Kwa wapenzi wa michezo wanaotaka majina, yapo ya kutosha. Ruslan Fedotenko alitoka Ukraine, akacheza Sioux City msimu wa 1998 hadi 1999, na ingawa hakuna timu iliyomchagua katika mchujo wa wachezaji chipukizi, mwaka 2004 alifunga mabao yote mawili ya Tampa Bay katika mchezo wa mwisho wa fainali ya Kombe la Stanley, ambalo ndilo taji la ligi kuu ya mchezo huu, walipoishinda Calgary kwa 2 kwa 1. Kocha wake kule Sioux City alikuwa Dave Hakstol, aliyeiongoza timu hiyo hadi mwaka 2000 na ambaye baadaye alikuja kuwa kocha wa kwanza wa Seattle Kraken, timu ya ligi kuu hiyo. Max Pacioretty naye alipita Sioux City, akaja kuwa nahodha wa Montreal. Jake Guentzel alicheza hapo msimu wa 2012 hadi 2013, na mwaka 2017, uleule, akafunga mabao 13 katika hatua ya mtoano akiwa mgeni wa ligi kuu, Pittsburgh ikatwaa Kombe la Stanley. Hao ni wachache waliofika kileleni. Walio wengi huvua jezi wakiwa na miaka 20, wakaenda chuoni au kazini, na mmoja wao ndiye aliyeivaa hii yangu.

Sasa matumizi. Nimeivaa kwa miezi minne, tangu Juni, na kwa asubuhi za Arusha ambapo ukungu wa Meru hushuka hadi barabarani imenifaa kuliko sweta mbili nilizokuwa nazo, kwa sharti kwamba ndani yake kuwe na fulana ya pamba. Bila fulana, upepo hupita katika yale matundu, kwani ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetoka jasho, si kwa ajili ya mwalimu aliyesimama zamu getini. Mvua nyepesi haiiharibu na hukauka kwa saa mbili ikianikwa kivulini. Nimeifua kwa mkono kila wiki kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, na mpaka leo hakuna herufi iliyoinuka wala mshono uliofumuka.

Kasoro zake ni za kweli na sitazificha. Weupe wake ni mtihani katika mji wenye vumbi kama letu. Mikono huchafuka kabla ya saa sita mchana, na poliesta hiyo ikishika moshi wa jikoni haiuachii mpaka iloweshwe usiku kucha. Ukubwa wake nao si wa kudharauliwa, kwa kuwa mtu wa kimo cha kawaida humezwa nayo. Nilimpelekea fundi cherehani ninayemtumia siku zote, akapunguza mbavu na kufupisha mikono kwa shilingi 6,000, kazi iliyomchukua siku mbili kwa sababu sindano ya kawaida ilikuwa ikikatika kwenye viwiko. Kwa hiyo gharama yake halisi ni shilingi 21,000, na anayeinunua aipige hesabu hiyo mapema. Tena wenye ngozi nyepesi watafute fulana yenye kola, kwa maana ukingo wa shingo ni mgumu na katika wiki ya kwanza ulinichubua.

Fundi aliponirudishia aliniuliza, "Mama, huu ukanda wa ndani nikuondolee? Hauna kazi." Nilimwomba auache, na pale alipofupisha pindo aliuhamisha kwa uangalifu akaushona upya mahali pake. Kuhusu yale mashimo ya jina lililofumuliwa, alikuwa tayari kuyaziba kwa kiraka cha rangi ileile, nayo nikamwambia ayaache vilevile.

Kwa anayetaka kutafuta ya kwake, ushauri wangu ni kwenda asubuhi ya siku ya kufungua belo, na kuangalia kwanza katika makoti na nguo za baridi, kwa sababu wauzaji wengi huzitundika huko badala ya kuziweka pamoja na jezi za mpira wa miguu. Igeuze nje ndani uangalie ukanda na mishono kabla ya kuulizia bei. Kwa iliyochezewa na isiyo na tundu, shilingi 15,000 ni bei ya haki kwa pande zote mbili, na hata 20,000 nisingeziona nyingi. Kwa ile ya mashabiki, yenye namba za kubandika, zaidi ya 8,000 ni hasara. Mimi nimemwachia kijana wangu wa Kilombero namba ya simu na nusu ya fedha, ili siku ikishuka nyingine ya mji huohuo, ya saizi 46, amwekee mwanangu.